Mpoza Sumaku wa Hombo

Ndugu yangu Naoufal kazi yake ni kupoza sumaku. Usicheke, mimi dada yake nimeshacheka kwa niaba ya ukoo mzima. Huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa wamechimba handaki la mviringo chini ya mashamba ya watu, kilomita ishirini na saba, wakalijaza sumaku kubwa kubwa, na sumaku hizo hazifai kitu mpaka zipozwe kwa heliamu iliyogeuzwa maji, zipoe kuliko anga lililo kati ya nyota. Katikati yake wanakimbiza chembe ndogo zisizoonekana, halafu wanazigonganisha ili wajue zimeumbwaje. Naoufal hajawahi kuiona chembe hata moja. Yeye huangalia vali na vipimajoto, na pakipata joto mahali anapiga simu.

Mama yetu, Zoubeida, aliyafupisha hayo yote: “Mwanangu ndiye anayewapozea Wazungu sumaku zao.” Aliyasema sokoni, msibani, na kwenye foleni ya maji. Ukimuuliza kwa nini sumaku ipozwe, alikutazama kwa huruma, kama mtu aliyeuliza kwa nini wali upikwe.

Mama alikuwa na haki ya kujisifu. Alizaliwa Majunga, na mwaka sabini na saba, baada ya Wakomoro kuchinjwa kule, alirudishwa visiwani kwa ndege na watoto wawili na kapu moja. Watu kama sisi walituita Wasabena, kwa jina la ndege zilizotuleta, na hawakutuita hivyo kwa mapenzi. Mtu wa kwanza kutufungulia mlango Mutsamudu, kwenye kichochoro chetu cha Hombo, alikuwa jirani wa ng'ambo, muuza samaki, Bweni Sittou, yaani Bibi Sittou. Alituletea wali na samaki kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu. Mama akairudisha ikiwa na mandazi mawili, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Bweni Sittou akaileta tena na shelisheli. Ndivyo ilivyokuwa miaka thelathini na moja: sahani ni ya Sittou, lakini hakuna aliyejua siku gani inalala wapi.

Mimi naitwa Ibtissam. Nimeolewa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, na nasomesha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari. Naoufal alijifunza kwangu ukinzani wa umeme, kwa betri ya redio na kipande cha waya, lakini hilo mama hakulitangaza sokoni.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na nane, wakubwa wa Anzuani, kisiwa chetu, walikuwa wamegoma. Walisema kisiwa ni chao. Moroni ikasema visiwa ni nchi moja, na kuwaonyesha kwamba ni nchi moja ikawafungia bahari. Meli zikaadimika, petroli ikakauka, na katika maduka ya dawa ya Mutsamudu rafu zikabaki na dawa ya kikohozi. Mama anaugua kisukari. Kila asubuhi hujidunga yuniti thelathini za insulini, na asipojidunga anakufa. Si leo, si kesho, lakini wiki haimalizi vizuri. Aliniambia kwa simu kwamba amebakiwa na kichupa kimoja.

Nikampigia Naoufal. Ilisadifu kwamba sehemu yake ya handaki ilikuwa ndiyo kwanza inapozwa, kazi ya wiki nyingi, kwa sababu chuma kikipozwa kwa pupa kinajikunja na kupasua mabomba. Akaomba likizo. Akaja Moroni na vichupa ishirini vya insulini ndani ya kisanduku cha baridi alichokitengeneza mwenyewe, chenye kipimajoto kidogo kinachowaka namba za kijani. Nyuzi nne. Hazikuwahi kufika tano wala kushuka tatu. Nilimwonea fahari, na nikawa sitaki ajue.

Ilibaki kibali cha kwenda Anzuani, na hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Mtu aliyekaa Moroni muda mrefu anajua kwamba karatasi ya mtu mdogo hulala. Ukiandika “mwalimu”, karatasi inalala siku tatu. Ukiandika “mkaguzi wa elimu”, inasinzia tu. Kila mtu anajiongezea kidogo, na kila karani anapunguza kidogo, kama bei ya pweza, na mwishowe mnakutana kwenye ukweli. Naoufal alitaka kuandika “fundi wa ubaridi”. Nikamnyang'anya kalamu. Nikaandika: “Profesa, Mkuu wa Kituo cha Atomu.”

Karani, Bwana Djaffar, siku hiyo hakupunguza kitu.

“Bweni,” aliniambia baada ya kusoma mara mbili, “huyu ni profesa wa atomu.”

“Ndiyo.”

“Na anakwenda kwa waasi.”

“Anakwenda kwa mama yake.”

“Na hicho kisanduku kinachowaka?”

Tukaitwa mara tatu mbele ya kamati ya mabwana watano. Mara zote tatu Naoufal alieleza, maana ugonjwa wa ndugu yangu ni huo: ukimuuliza, anajibu. Aliwaambia kwamba hakuna kitu kinachoitwa baridi. Kuna joto tu, na kazi yake ni kuliondoa. Aliwaambia kwamba waya wa kawaida hubishana na umeme, ndiyo maana pasi inachoma. Lakini waya wao ukishapoa vya kutosha unaacha ubishi, umeme unapita humo bila kupotea hata chembe, na sumaku inapata nguvu ambazo duniani hazina mfano.

“Lakini,” alisema, akiinua kidole, “pakiingia joto mahali padogo, padogo kama ukucha huu, hapo waya unaanza ubishi upya. Ubishi unazaa joto, joto linazaa ubishi, na kufumba na kufumbua sumaku nzima imeharibikiwa na heliamu yote inachemka.”

Bwana Djaffar aliacha kuandika. “Kwa hiyo mahali padogo pakikaidi, pote panaharibika?”

“Ndiyo.”

“Ndivyo tunavyowaambia Waanzuani kila siku,” akasema, na akaiandika sentensi ile kwenye faili.

Siku kumi na moja zilipita hivyo. Umeme wa Moroni ulikuja na kwenda, na Naoufal alikesha akibadilisha barafu kwenye kisanduku, akinituma kwa wauza samaki na kwa majirani wenye jenereta. Nyuzi nne. Siku ya kumi na moja kamati iliamua kwamba mtu anayesema sana namna hii hawezi kuwa jasusi. Kibali kikatoka. Walichukua kipimajoto tu, kwa sababu za usalama, na wakampa stakabadhi yenye mihuri miwili.

Habari haziombi kibali. Kabla hatujapanda meli ya unga, Mutsamudu nzima ilikuwa imeshasikia kwamba Moroni imemzuia profesa wa atomu, mtoto wa Hombo, na kwamba ameshinda. Tulipofika bandarini Alhamisi alasiri, nilidhani meli imebeba bwana harusi na mimi sijaambiwa. Wanawake walikuwa wamevaa shiromani zao nyekundu, tari zinalia, mabinti wameshika mashada ya asumini. Mbele yao alisimama Bwana Combo, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mtu mwema kabisa, mwenye suti ya suruali na koti visivyofanana rangi.

Bwana Combo alimvisha Naoufal mashada matatu. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kisanduku.

“Nitakibeba mwenyewe,” alisema Naoufal. “Ni dawa ya mama.”

“Profesa! Mgeni hachukui mzigo. Unataka watu waseme Mutsamudu haikupokei?”

Kwetu mtu aliyetoka mbali akiingia mjini na mzigo mkononi, aibu si yake, ni ya mji. Naoufal alijua. Alishikilia mpini kwa muda wa pumzi moja au mbili, akaniangalia mimi. Na mimi, niliyemfanya profesa, nikamkonyeza aache, maana watu wote walikuwa wanatazama na mashada yalikuwa yamempendeza. Akaachia. Papo hapo wakamtia kipaza sauti mkononi, mahali pale pale palipokuwa na mpini.

Wazee wamesema ulimi huponza kichwa. Naoufal angeweza kusema asante na salamu. Badala yake aliwaeleza sumaku. Alieleza vizuri kuliko Moroni, kwa sababu huku walikuwa wanapiga vigelegele. Alipofika kwenye waya unaoachiwa mambo yake na kuacha ubishi, walishangilia sana. Nadhani waliuona waya huo kuwa ni wao. Na alipotaka kumaliza, akasema: “Ndugu zangu, katika kazi yetu, kadiri kitu kinavyopoa ndivyo kinavyokuwa bora. Kwetu hakuna baridi iliyozidi!”

Nilipiga makofi. Nataka ijulikane kwamba nilipiga makofi.

Bwana Combo alikuwa amesikiliza kila neno kama mtu anayepokea maagizo ya daktari. Pale bandarini mfanyabiashara mmoja alikuwa na friza la samaki lenye jenereta yake, kitu pekee kwenye kisiwa kilichokuwa na baridi usiku na mchana. Combo aliagiza samaki watolewe, friza lisuguliwe kwa sabuni na maji ya waridi, na kisanduku cha Profesa kiwekwe humo, kimefunguliwa kifuniko ili baridi iingie. Jioni hiyo redio ya mjini ilitangaza kwamba dawa za Profesa zimehifadhiwa bandarini kwa heshima zote, friza likiwa kwenye namba ya mwisho, na kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa zitapelekwa Hombo kwa maandamano. Sisi hatukuisikia redio. Tulikuwa kwenye karamu, Naoufal akieleza sumaku kwa masheikh.

Mama naye alisikia tari tu. Tari zikamtosha. Nyumbani kwake ilikuwa imelala sahani ya Bweni Sittou, iliyokuja Jumanne na mataba, majani ya muhogo, na hakuwa na kitu cha kuirudishia. Vikwazo vilikuwa vimefika hadi jikoni. Alichokuwa nacho ni kile kichupa chake cha mwisho, kimebaki na yuniti mia tatu, ndani ya mtungi mdogo wa udongo anaoufunika kitambaa kibichi. Bweni Sittou naye ana kisukari kile kile, na dawa yake ilikuwa imekwisha siku tatu nyuma. Basi mama akaweka kichupa kwenye sahani, akaifunika kawa, akamtuma mtoto wa kichochoroni ampelekee. Mwanawe si amekuja na ishirini?

“Nisingeweza kuirudisha tupu,” alituambia tulipofika, akicheka, amekaa kitandani amejitia manukato. Naoufal akambusu mkono. Alimwahidi dawa kesho mchana.

Ijumaa maandamano yakaja. Kichochoro chetu hakiwezi kupitisha watu wawili bega kwa bega, lakini siku hiyo kilipitisha kamati nzima, tari mbili, na Bwana Combo amekumbatia kisanduku kifuani. Kiliwekwa mezani mbele ya mama. Moshi wa baridi ukafuka. Watu wakasema “Masha Allah.”

Naoufal akainua kichupa cha kwanza, akakiinamisha. Hakikutikisika kitu. Akainua cha pili, cha tano, cha tisa. Vilikuwa mawe.

“Friza tulilifikisha namba ya mwisho, Profesa,” alisema Bwana Combo kwa unyenyekevu. “Lingekuwa na namba nyingine, tungeifikisha.”

Niliona uso wa ndugu yangu. Ningependa kusema alipaza sauti, akawaambia watu wale wema kwamba wamemuua mama yake kwa heshima. Alisema, “Ahsanteni sana. Mmefanya kazi kubwa.” Wakatoka na tari zao.

Mlango ulipofungwa, mama akauliza, “Sasa vinayeyuka lini?”

“Vitayeyuka, mama. Lakini insulini ikishaganda imekufa. Ni maji tu yenye jina.”

“Wewe si bwana wa baridi?”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa baridi yako inaharibuje kitu?”

Lilikuwa swali la kwanza maishani mwake aliloshindwa kulieleza. Mimi nilikuwa najihesabia: mama hakujidunga asubuhi hiyo. Kichupa pekee kilichosalimika kilikuwa ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi na mbili kutoka tulipo, na kilikuwa kimeshatolewa. Nikasimama ili niende nikakiombe.

“Ukienda,” alisema mama, “usirudi kuniita mama. Nimetoa.”

Nikakaa.

Kabla ya magharibi mlango ukagongwa. Ni Oumaya, mpwa wa Bweni Sittou, msichana mkubwa anayeishi naye. “Kwezi, Koko,” alimwamkia mama, na mama akamwitikia kikwetu, “Mbona.” Mkononi alikuwa na sahani ya bati yenye maua mekundu, imefunikwa kawa. Chini ya kawa palikuwa na kipande cha shelisheli, na kando yake kichupa.

Bweni Sittou aliuza samaki bandarini miaka arobaini. Friza lile alilijua. Aliwahi kuvunja kisu juu ya jodari aliyetoka humo. Aliposikia redio inasifu namba ya mwisho, hakuhitaji mtu wa kumweleza fizikia.

Mama alifungua dirisha. “Sittou! Hiki nilikupa!”

Sauti ikatoka ng'ambo, imekauka kidogo. “Na mimi nimekupa shelisheli! Sahani hairudi tupu!”

“Sahani ni yako, mwenda wazimu! Hurudishi, unaleta!”

“Basi wewe ndiye utakayerudisha!”

Wakacheka hadi wakakohoa, vizee viwili, kila mmoja kwenye dirisha lake. Ikakubaliwa hivi: asubuhi mama anajidunga, kisha kichupa kinakwenda kwa sahani hadi kwa Sittou, naye anajidunga na kukitunza mtungini mwake mchana, na jioni kinarudi. Sindano Naoufal alikuwa nazo tele, hazikupita frizani. Nikampelekea Oumaya pakiti ya kumi, zimefungwa kila moja kwenye karatasi yake. Kumi zilionekana nyingi. Tulisema kabla hazijaisha mambo yatakuwa yamefunguka.

Hapo ndugu yangu akapata kazi anayoiweza. Mtungi uliwekwa dirishani penye upepo, na Naoufal akakaa kando yake na kipepeo cha ukili, akiloweka kitambaa, akipepea, akiloweka. Kipimajoto kilikuwa Moroni na stakabadhi yake, hivyo alipima kwa shavu. Akamweleza mama kwamba maji yanapoondoka kwenye kitambaa yanaondoka na joto, na kwamba hata kule chini ya ardhi hatua ya mwisho ni hiyo hiyo: wanaivuta hewa iliyo juu ya heliamu ili heliamu iwe mvuke, nayo ikiondoka inaondoka na joto lililobaki.

“Kumbe wamekuajiri kwa mtungi,” alisema mama. “Ningejua, nisingekusomesha mbali.”

Alikuwa amechangamka. Rangi yake ilikuwa nzuri. Kila jioni kichupa kilipokuja, Naoufal alikiinua kwenye mwanga na kuweka alama ndogo kwa kalamu pale dawa ilipofika, kama alivyozoea kule kazini. Alikuwa anaridhika. Siku ya tatu alisema, “Inapungua taratibu.” Siku ya nne akasema hivyo tena.

Sasa nieleze kitu ambacho mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angekieleza. Yuniti mia tatu. Wanawake wawili. Kila mmoja thelathini kwa siku. Ni siku tano. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi asubuhi kichupa kiwe kikavu. Alhamisi hiyo ilikuwa Maulidi. Nilichukua kichupa ili nimdunge mama kabla sijaenda, na ndani mlikuwa na nusu nzima.

Naoufal alikuwa amesimama karibu yangu. Aliona. Nakuapia aliona.

“Labda Bweni Sittou anajipunguzia,” alisema.

“Labda,” nikasema.

Nikavuta thelathini, nikamdunga mama.

Kwenye Maulidi ya wanawake Bweni Sittou ndiye apigaye tari ya mbele, tangu nikiwa msichana. Mwaka huo hakuja. Nilipopeleka sahani nilimuuliza Oumaya mlangoni, “Bweni hajambo?”

“Amelala. Anasema hana neno. Kiu tu.”

Kiu tu. Mimi ni binti wa mgonjwa wa kisukari. Najua kiu ni nini. Ningeweza kuingia. Mlango ulikuwa wazi, chumba kilikuwa hatua nne mbele yangu, na nilisikia maji yanamiminwa kikombeni. Nikampa Oumaya sahani nikamwambia amsalimie. Hesabu iliyokuwa haitoki ilikuwa inampa mama yangu siku tano zaidi, na sikutaka kuisahihisha. Naoufal naye, anayetafuta joto la ukucha katika kilomita ishirini na saba, alirudi kwenye kipepeo chake. Tulipepea kwa zamu. Hatukuzungumza tena habari za alama.

Ijumaa mama alipaza sauti dirishani, na Sittou akajibu neno moja. Jumamosi alijibu Oumaya. Mama, ambaye wiki hizo miguu yake haikumpeleka hata uani, aliuliza kama jirani yake anajidunga sawasawa. “Ndiyo, mama,” tukasema, sote wawili kwa pamoja.

Jumamosi jioni sahani haikuja. Jumapili asubuhi tulisikia Oumaya akilia.

Tulimzika kabla ya adhuhuri. Bwana Combo alikuwepo, alibeba jeneza tangu mlangoni hadi makaburini, na alilia kwa dhati, bila kujua. Sikumwambia. Nani angemwambia, na angemwambia kwa haki gani? Aliyeandika “Profesa” ni mimi.

Alasiri Oumaya akaja, macho yamevimba, ameshika sahani. “Bweni alisema jana nisisahau kuwaletea,” alisema, akaiweka kitandani kando ya mama, akarudi kwa waombolezaji.

Mama ndiye aliyefunua kawa. Kichupa kilikuwemo, kimezungushiwa kitambaa kibichi, kimebakiwa na dozi mbili. Kando yake ilikuwa pakiti ya sindano. Mama aliimwaga mapajani, akazihesabu kwa kidole. Zilikuwa kumi, kila moja ndani ya karatasi yake, hakuna iliyochanwa.

Alizihesabu tena. Kisha akamtazama Naoufal. “Wewe ulikuwa unaweka alama.”

Naoufal aliinamisha kichwa.

“Na wewe unasomesha hesabu.”

Niliona haya ambayo hadi leo sijapata pa kuyaweka.

Nilidhani atakitupa kichupa. Badala yake akapandisha mkono wa gauni. “Nidunge,” alisema. “Ameshalipa yeye, nikikataa ntakuwa nimemtupa mara mbili.” Nikachana karatasi ya sindano moja ya Sittou, nikamdunga.

Jumatatu tulimaliza. Jumanne alfajiri wanajeshi wakashuka pwani, kukawa na milio, na kabla ya jioni wakubwa waliogoma walikuwa wamekimbia kwa mashua. Siku mbili baadaye dawa zikaja, insulini tele, kwenye visanduku vizuri vyenye vipimajoto. Kamati ya mapokezi ilikwenda bandarini na asumini. Niliambiwa Bwana Combo alitaka kuvibeba, askari wakamkatalia.

Tuliporudi Moroni, Bwana Djaffar alirudisha kipimajoto, akataka stakabadhi yake, akasukuma karatasi nyingine ya safari mbele ya Naoufal. Penye kazi, Naoufal alikaa na kalamu mkononi mpaka watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Akaandika: “Naangalia joto.” Djaffar alisoma, akasema hiyo si kazi, akaandika mwenyewe “Profesa” na kugonga muhuri.

Sumaku zake zilipoa salama. Mama hasemi tena habari zake sokoni. Akiulizwa mwanao yuko wapi, anajibu yuko safarini.

Ile sahani iko kwake, imeoshwa, imefunikwa kawa. Si yetu. Oumaya bado anaishi ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi na mbili, na kila nikienda Hombo mama ananiuliza ni kitu gani tutakachoweka ndani yake tukiirudisha. Nimefikiria wali, nimefikiria nguo, nimefikiria dhahabu yangu ya harusi. Kila nikitaja kitu, mama anaitazama sahani kidogo, halafu anatikisa kichwa.